Pilipili katika Miezi ya Baridi

Mwezi wa sita unapoingia hapa Lubumbashi, kila mmoja wetu huona mambo yale yale: watoto huenda shuleni wamekunja mikono kifuani, akina mama hujitanda kitambaa cha pili mabegani, na moshi wa mbabula hutambaa chini chini kabla ya kupambazuka. Tena, katika pembe ya lupango, mche wa pilipili uliojaa matunda siku za Pasaka huanza kunyauka.

Akina mama wengi wametuuliza: "Mwalimu, pilipili yangu imerogwa na nani?" Mama zetu, haikurogwa na mtu. Imepatwa na baridi; na mara nyingi, kama tutakavyoona, imepatwa pia na huruma yetu isiyo na maarifa. Leo twataka kuzungumza juu ya kuutunza mche huo ndani ya nyumba mpaka joto lirudi. Tutaanza na makosa yetu sisi wenyewe, kwa maana yalikaribia kutupotezea kitu kikubwa kuliko pilipili.

MGENI WA NCHI YA JOTO

Yafaa kwanza tumjue mgeni wetu. Pilipili haikuzaliwa Afrika. Asili yake ni bara la Amerika, ambako watu waliilima kwa maelfu ya miaka kabla Christopher Columbus hajafika huko mwaka 1492. Wareno waliileta katika pwani za Afrika katika karne ya 16, na toka pwani ikaingia bara, kijiji kwa kijiji, hata leo bukari na sombe haviandaliwi mezani bila mtu kuuliza: "Pilipili iko wapi?"

Huko kwao pilipili si mmea wa msimu mmoja. Ni kijiti kinachoweza kuishi na kuzaa miaka kadhaa. Sisi ndio tuliozoea kuiacha ife, kisha kupanda mbegu upya. Adui yake ni baridi. Usiku ukiwa na ubaridi wa chini ya digrii 15, maua yake huanza kuanguka. Chini ya digrii 10 mche huacha kukua. Na baridi ikifika kiasi cha maji kuganda, majani na matawi hufa.

Sasa tuutazame mji wetu. Lubumbashi iko juu ya uwanda wenye kimo cha mita 1,200 na zaidi kutoka usawa wa bahari. Mvua hunyesha hasa tangu mwezi wa 11 hata mwezi wa 3, na tangu mwezi wa 5 hata mwezi wa 9 nchi huwa kavu. Katika mwezi wa 6 na wa 7 jua la mchana hupendeza, lakini usiku kipimo hushuka mara nyingi chini ya digrii 10. Mabondeni, kwenye madembo, baridi huzidi, kwa maana hewa ya baridi ni nzito. Huteremka kama maji na kutuama mahali pa chini. Ndiyo sababu mche wa jirani aliye juu mlimani waweza kuishi, na wako ulio karibu na kijito ukafa, ijapokuwa mbegu zilitoka katika tunda moja.

SOMO TULILOFUNDISHWA SISI

Mwaka mmoja wanafunzi wetu wa darasa la tano walipanda pilipili katika makopo 12. Mwezi wa 5 ulipokwisha, miche ilikuwa imefika magotini na kuanza kutoa maua. Tukaona ni vema kuiingiza darasani. Tulikuwa na kitabu kizuri cha bustani kilichoandikwa Ulaya, nacho kiliagiza kwamba wakati wa baridi makopo yawekwe kwenye dirisha linaloelekea kusini. Tukatii, kama tulivyozoea kutii vitabu. Tena tukamchagua kijana mmoja, yatima aliyelelewa na nkambo wake huko Katuba, aimwagilie miche maji kila asubuhi bila kukosa.

Baada ya majuma matatu majani yalikuwa ya manjano, mashina yamekuwa laini karibu na udongo, na miche 7 ilikuwa imekufa. Tulikasirika. Mbele ya wenzake wote tulimwita kijana yule mvivu, tukasema kwamba hakumwagilia. Akainama, asiseme neno. Ukweli ni kwamba alikuwa amemwagilia kila siku, sawasawa na amri yetu, na amri yetu ndiyo iliyoiua miche.

Tazameni kosa la kwanza. Ulaya iko mbali kaskazini mwa ikweta, kwa hiyo watu wa huko huliona jua la mchana upande wa kusini. Sisi tuko kusini mwa ikweta kwa digrii 11 na zaidi, na katika mwezi wa 6 jua letu hupita upande wa kaskazini. Simama nje saa sita mchana siku hizo, ukitazame kivuli chako: kitaelekea kusini. Basi, dirisha la kusini, ambalo kule Brussels ni la jua, hapa kwetu ni la kivuli kutwa nzima. Kitabu hakikusema uongo. Kiliandikwa chini ya mbingu nyingine. Nasi, tuliokuwa tumefundisha habari hizo ubaoni mwezi uliotangulia, hatukuzikumbuka tulipoiacha chaki.

Kosa la pili ni maji. Katika udongo wa baridi mizizi ya pilipili hulala. Hunywa kidogo sana. Majani yakinyong'onyea, mtu hudhani ni kiu, naye humimina maji. Maji yasiyonywewa hujaza nafasi za hewa zilizomo udongoni, mizizi hukosa pumzi na kuoza; majani huzidi kunyong'onyea, na mtu huzidi kumimina. Hivyo mche hufa kwa kuzama, na mwenyewe hulia kwamba umekauka.

USIKU WA MBABULA

Kosa la tatu twalitaja kwa hofu. Miche 5 iliyosalia tuliichukua nyumbani, tukaipanga katika chumba walimolala watoto. Usiku mmoja baridi ilikuwa kali, na umeme umekatika. Mbabula iliyopikiwa chakula cha jioni bado ilikuwa na makala mekundu, wala haikutoa moshi tena. Tukajisemea: kwa nini joto hili lipotee bure? Tukaiingiza chumbani, tukafunga dirisha na mlango, tukaziba hata upenyo wa chini kwa gunia, ili miche na watoto wapate joto pamoja. Kisha nasi tukaenda kulala.

Usiku wa manane mama wa watoto alisikia kishindo: mkubwa alikuwa ameinuka ili atoke nje, miguu ikamlegea, akaanguka. Mama alipofungua mlango alimkuta ametapika. Mdogo, wa miaka minne, aliitwa kwa jina mara nyingi, asijibu. Tuliwabeba wote wawili nje, katika baridi ile ile tuliyotaka kuwakinga nayo. Hewa safi ikawarudishia fahamu kidogo kidogo, nasi tukawapeleka hospitali kabla ya mapambazuko. Walipona, ashukuriwe Mungu. Lakini twajiuliza hata leo: ingekuwaje kama mkubwa naye asingaliamka?

Wasomaji wetu, na hasa ninyi wanafunzi, fahamuni vema jambo hili mkawaeleze wazee wenu. Makala yanayowaka hutoa hewa yenye sumu, iitwayo kaboni monoksidi. Haina rangi, haina harufu, wala haiwashi macho kama moshi. Mtu akiivuta, huishika damu kwa nguvu mara 200 na zaidi kuliko oksijeni inayotupa uhai. Basi mtu huendelea kuvuta hewa, na huku mwili wake unakosa pumzi. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, miguu kulegea, kisha usingizi mzito. Usingizi ndio hatari kubwa, kwa maana aliyelala hawezi kujua kwamba anakufa.

Wengi wadhani kwamba moshi ukiisha hatari nayo imekwisha. La, sivyo. Makala mekundu yasiyo na moshi yaua vile vile. Kwa hiyo twawasihi: mbabula isilale chumbani pamoja na watu, hata usiku mmoja, hata kwa ajili ya mgonjwa au mtoto mchanga. Ongezeni blanketi, wapeni watoto soksi, lazeni ndugu wawili pamoja. Na mkimwona mtu ana dalili tulizozitaja karibu na makala, mtoeni nje mara moja, kisha mpelekeni kwa daktari bila kukawia. Kwa ajili ya miche 5 ya pilipili sisi tulikaribia kuwazika watoto wawili. Afadhali pilipili zote za Katanga zingalikauka.

NKAMBO WA KATUBA

Jumapili iliyofuata, baada ya Misa, nkambo wa kijana yule alitungoja nje ya kanisa. Hakuja kugomba. Alisema tu: "Mwalimu, mwanangu, mjukuu wangu hanidanganyi. Njoo uione pilipili yangu."

Tulimfuata kwa aibu. Kando ya ukuta wa jiko lake, upande wa jua, ulisimama mche mmoja katika bidoni ya mafuta ya kula iliyokatwa. Ulikuwa mfupi, umepunguzwa matawi, una majani yasiyozidi kumi. Kwa macho yetu ulikuwa kama umekufa. Akatuambia kwamba ulikuwa na miaka mitatu, na kwamba pilipili alizouza mlangoni kwake kutoka mche huo na wenzake wawili ndizo zilizonunua madaftari ya mjukuu wake.

Tukamwuliza amefanyaje. Akajibu: "Baridi ikija, ninaiacha ilale. Mtu mwenye usingizi, ukimtia chakula kinywani, utamsonga."

Neno hilo moja lilitufaa kuliko kitabu chetu kizima. Katika miezi ya baridi hatutafuti pilipili izae wala ikue. Twataka tu isife. Haya yafuatayo ni mafundisho ya nkambo yule, pamoja na yale tuliyoyajaribu sisi wenyewe baadaye.

NAMNA YA KUFANYA

Kwanza, katika mwezi wa 5, kabla ya baridi kali, chagueni miche yenye afya na iliyozaa vizuri. Chumeni matunda yote. Yaliyoiva yaanikeni, na mbegu zake wekeni akiba. Msiingize mche wenye ugonjwa, kwa maana ndani ya nyumba utaiambukiza mingine.

Pili, punguzeni mche kwa kisu kikali na safi. Yaacheni shina na matawi machache yenye urefu wa shubiri moja au moja na nusu kutoka udongoni. Ondoeni maua na majani mengi. Msiogope: mche wenye majani machache wahitaji maji machache. Baada ya kazi hii naweni mikono kwa sabuni, wala msiguse macho.

Tatu, kama mche umo ardhini, ung'oeni kwa upole pamoja na udongo unaoshikamana na mizizi, mkaupande katika chombo chenye upana wa shubiri moja au zaidi. Bidoni ya mafuta ya kula iliyokatwa yafaa sana. Kopo la rangi au la dawa ya wadudu halifai kabisa. Toboeni matundu chini yake, maana chombo kisicho na tundu ni kaburi la mizizi. Changanyeni vipimo viwili vya udongo mzuri, kimoja cha mboji iliyooza vema, na kimoja cha mchanga. Udongo mtupu wa kichuguu ni mzuri kwa matofali, lakini katika kopo hushikamana mno.

Nne, nuru. Wenzetu waliohamia Ubelgiji hulazimika kuiacha pilipili ndani miezi mingi, na katika mwezi wa 12 hupata mchana wa saa 8 tu, tena wenye mawingu. Sisi tumebarikiwa: hata katika siku zetu fupi za mwezi wa 6 mchana una zaidi ya saa 11, na anga ni jeupe. Shida yetu ni usiku peke yake. Basi, saa mbili asubuhi toeni makopo nje, myaweke karibu na ukuta unaotazama kaskazini. Ukuta huo hupokea jua na kuitunza miche dhidi ya upepo wa baridi. Saa kumi na moja jioni ingizeni ndani. Hii ni kazi nzuri kwa mtoto, naye hujifunza uaminifu katika jambo dogo. Asiyeweza kutoa na kuingiza kila siku, na ayaweke ndani ya dirisha la kaskazini. Joto la nyumba iliyofungwa, lisilo na moto wowote, latosha kabisa.

Tano, maji. Tieni kidole udongoni mpaka kiungo cha pili. Kikitoka na unyevu, msimwagilie. Kikitoka kikavu, mimineni kikombe kimoja, asubuhi, si jioni. Mara nyingi huwa ni mara moja kwa juma. Msitie mbolea wakati huu. Asiyefanya kazi hahitaji posho ya kazi.

Sita, tazameni chini ya majani. Ndani ya nyumba vidukari, yaani vile vidudu vidogo vya kijani au vyeusi vinavyofyonza utomvu, huongezeka upesi kwa sababu adui zao wako nje. Futeni majani kwa kitambaa chenye maji na sabuni kidogo, kisha suuzeni kwa maji safi. Vumbi jekundu la kiangazi nalo lifutwe, kwa maana hulizuilia jani nuru.

UDONGO WA MJI WETU

Katika mji huu kuna jambo moja zaidi. Kiwanda cha kuyeyushia shaba kilianza kazi hapa mwaka 1911, na kwa miaka mingi upepo wa kusini-mashariki uliupeleka moshi wake upande wa kaskazini-magharibi, hata mahali pengi kule Penga Penga miti ikatoweka. Moshi hupita, lakini madini yaliyoanguka hubaki udongoni. Mwaka 2009 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walichapisha utafiti juu ya watu wa Katanga. Waliwakuta wale waishio karibu na migodi na viwanda vya madini wakiwa na kobalti, risasi na madini mengine mengi mno katika mkojo wao, na watoto wakizidi kuathirika.

Hapo ndipo mche wa kopo una faida yake. Shamba hatuwezi kulihamisha, lakini ndoo moja ya udongo twaweza kuichukua mahali tunapopataka. Basi, msichote udongo karibu na kiwanda, wala kando ya barabara ya malori ya madini, wala mahali penye mabaki meusi ya kuyeyushia shaba. Na pilipili zioshwe vema kwa maji safi kabla ya kuliwa, maana vumbi nalo hubeba madini.

KUAMKA

Mwezi wa 9 unapoelekea kwisha, na usiku umeacha kuuma, mtaona vichipukizi vya kijani kwenye matawi mliyodhani yamekufa. Huo ndio wakati wa kuongeza maji kidogo kidogo na kutia mboji mpya juu ya udongo. Acheni makopo nje hata usiku. Mwezi wa 10, wenye joto kuliko yote kwetu, mche hukua kwa haraka, na mvua zikianza mwaweza kuurudisha ardhini ukiwa na mizizi yake mikubwa. Mche wa mbegu huhitaji miezi mitatu, minne, au zaidi ndipo uzae. Huu uliolala huutangulia, na jirani anapoatika mbegu, ninyi tayari mwaona maua.

Katika miche yetu 5, mitatu iliamka. Tuliirudisha shuleni siku ya kwanza ya mwaka mpya wa masomo. Tukasimama mbele ya darasa lile lile, tukawaambia watoto kwamba kijana yule hakuwa mvivu, kwamba alitii, na kwamba aliyekosa ni mwalimu. Haikuwa rahisi, ulimi wa mwalimu ni mzito kwa maneno ya namna hiyo. Yeye akainama tena, lakini safari hii alikuwa anacheka. Tukamkabidhi makopo matatu, naye hakuhitaji kuambiwa mara ngapi amwagilie. Alikuwa akijua tangu mwanzo, kwa nkambo wake. Ni sisi tusiomwuliza.

Kwaherini, wasomaji wapenzi. Jioni ya leo, kabla ya kulala, ingizeni pilipili ndani, na mbabula iacheni nje.